Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi wa Fiziotherapia Mbele ya Moyo na Mapafu

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, kwamba wanafunzi wa fiziotherapia hupelekwa wodi za moyo na kifua kama wanavyopelekwa wodi ya mifupa. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala nzima niliyoandika juu ya maumivu ya kiuno, na nyingi zimetoka hapa hapa Mwanza na visiwani. Nimechagua sita. Baadhi nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama waandishi walivyoomba.

*Mtaalamu, salaam. Binti yangu yuko mwaka wa tatu wa fiziotherapia. Nilipomsomesha nilijua atakwenda kuwanyoosha viungo watu waliopooza na waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda. Sasa ananiambia kwamba kwa wiki sita atakuwa na wagonjwa wa moyo na mapafu. Mgonjwa wa moyo si anatakiwa apumzike? Na huko si ndiko atakakoambukizwa kifua kikuu? — Mzazi, Igoma*

Mzazi mwenzangu, hofu yako ya kwanza waliwahi kuwa nayo hata madaktari. Hadi katikati ya karne ya 20, mtu aliyepata shambulio la moyo katika hospitali za Marekani na Ulaya alilazwa kitandani wiki nne hadi sita, akilishwa na kuogeshwa, kwa imani kwamba moyo uliojeruhiwa hupona ukitulizwa kabisa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walichapisha taarifa za wagonjwa waliowatoa kitandani mapema na kuwaketisha kitini. Wenzao wengi waliwashangaa, lakini wagonjwa hawakudhurika kwa kukaa, na taratibu ikafahamika kwamba kulala kwenyewe kuna gharama yake: damu huganda kwenye mishipa ya miguu, misuli husinyaa, na makohozi hutuama chini ya mapafu kama maji ndani ya mtumbwi ambao hakuna anayeyakumba. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,331 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika, wa Marekani, Kanada na Ufaransa, nao ukaonyesha kwamba mazoezi yaliyopimwa vizuri yanaweza kufanywa kwa usalama hata na watu hao.

Swali linalobaki ni la kiasi: mgonjwa huyu, asubuhi hii, aende hatua ngapi, na nini kikitokea asimame. Hilo ndilo binti yako anakwenda kujifunza, na kwa maoni yangu ni gumu kuliko kumkunja mtu goti lililokakamaa. Atakutana na kijana ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita kisha moyo wake ukatanuka. Atakutana na mchimbaji kutoka Geita ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, mama wa mwaloni aliyebanika samaki kwenye moshi wa kuni tangu usichana wake, na watu waliomaliza dozi ya kifua kikuu na kupona kabisa lakini mapafu yao yakabaki na makovu, wakawa wanahema kwa kutembea kutoka mlangoni hadi chooni. Hawa wa mwisho ni wengi katika kanda yetu, na kwa miaka mingi wameambiwa “umepona, nenda nyumbani” bila mtu kuwaonyesha namna ya kuishi na pumzi waliyobakiwa nayo.

Hofu yako ya pili siibezi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kazi yetu ni kumwambia mtu akohoe. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba mgonjwa anayekohoa ambaye makohozi yake hayajapimwa si mgonjwa wa kujifunzia. Akishapimwa, na kama lazima aonwe kabla dawa hazijafanya kazi, huonwa mahali penye madirisha wazi, yeye akiwa na barakoa ya kawaida ili asitawanye matone, na mwanafunzi akiwa na barakoa ya N95 iliyomkaa barabara usoni. Muulize binti yako swali moja tu: je, kuna mtu aliyemfundisha kuivaa N95, kuifunika kwa viganja na kupuliza ili aone kama hewa inapenya pembeni? Akisema hapana, ana haki ya kudai afundishwe kabla ya kuingia wodini.

*Shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Fiziotherapia nitaisoma wapi, na ni lazima nisome mambo ya moyo na mapafu? Mimi napenda upande wa michezo. — Kijana, Magu*

Marahaba. Mafunzo yaliyoanza miaka mingi iliyopita nchini yako Moshi, KCMC, na vipo vyuo vingine. Usinitegemee mimi kwa vigezo vya mwaka huu: soma mwongozo wa udahili wa TCU kama unataka shahada, au wa NACTVET kama unataka stashahada. Ama kuhusu kuchagua, ukiwa mwanafunzi utasoma yote, moyo, mapafu, mifupa na mishipa ya fahamu, na hata ukija kuajiriwa na timu ya mpira utagundua kwamba mchezaji naye ana moyo, na kwamba anayeanguka uwanjani bila kuguswa na mtu hakuanguka kwa sababu ya goti.

*Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili. Nikiweka stetoskopu kifuani kwa mgonjwa nasikia kelele tu. Mkufunzi akiniuliza nimesikia nini, najibu kile alichojibu mwenzangu. Mtihani wa vitendo ni mwezi ujao. — Mwanafunzi, Mwanza mjini*

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kama wewe kwa muhula mzima, kwa hiyo sina la kukusuta.

Nusu ya kelele unazosikia hazitoki kwenye mapafu. Masikio ya chombo yaelekee mbele, upande wa pua yako, kwa sababu ndivyo tundu la sikio lilivyoelekea; ukiyageuza nyuma umejiziba mwenyewe. Kiwambo, yaani ule uso bapa unaowekwa kifuani, kiguse ngozi, kisiwe juu ya khanga wala shati, maana kitambaa kikisuguliwa hutoa mlio unaofanana kabisa na ugonjwa. Kifua chenye manyoya mengi hutatarika chenyewe. Yalowanishe kidogo kwa maji. Omba feni izimwe kwa dakika tatu. Kipashe kiwambo joto kiganjani, kwa sababu mgonjwa akishtuliwa na ubaridi atabana pumzi, nawe utakuwa unasikiliza mshtuko wake.

Kisha mwambie afungue mdomo, avute pumzi kubwa kidogo kuliko kawaida, na usimharakishe, kwani akivuta mfululizo atasikia kizunguzungu. Nenda kulia, kisha kushoto pale pale, ndipo ushuke. Sikio halijui “kawaida” ni nini mpaka lilinganishe. Usiishie mbele. Sehemu kubwa ya chini ya mapafu iko mgongoni, na huko ndiko maji na makohozi yanakotuama, lakini mwanafunzi mvivu husikiliza mbele tu kwa sababu kumgeuza mgonjwa ni kazi.

Kuhusu sauti zenyewe, kutatarika kwembamba kama chumvi iliyotupwa kwenye kikaango cha moto, mwishoni mwa kuvuta pumzi, ni sauti ya vifuko vya hewa vinavyofunguka kwa kuchelewa, nako husikika kwa mtu mwenye maji kwenye mapafu, nimonia au makovu. Kutatarika kuzito, kama maji yanayobubujika, kukibadilika mgonjwa anapokohoa, ni makohozi. Mluzi wakati wa kutoa pumzi ni njia ya hewa iliyobanwa, kama ilivyo kwa pumu. Ukimya nao ni jibu: pale ambapo hewa haisikiki kabisa, huenda kuna maji yaliyotenganisha pafu na ukuta wa kifua, na hapo ndipo unapoitumia mikono yako.

Mwaka 1761 daktari Leopold Auenbrugger wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, alieleza namna ya kugonga kifua kwa vidole ili kujua kilichomo, kama mapipa ya mvinyo yanavyogongwa kujua yamejaa mpaka wapi. Sisi wa ziwani hatuhitaji mvinyo kulielewa jambo hilo, maana kila fundi wa mashine ya boti huligonga pipa la dizeli kabla ya kuondoka. Chukua dumu la lita 20, tia maji nusu, laza kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu yake, ukigonge kwa ncha ya kidole cha kati cha kulia, kiwiko kikiwa kimetulia na kifundo cha mkono ndicho kinachocheza. Gonga ukishuka hadi utakaposikia mlio umekufa. Fanya hivyo kila jioni kwa wiki moja, mkiwa wawili, mmoja akiwa amefumba macho, halafu hamia kwenye mgongo wa mwenzako, kisha usikilize mapafu mazima ya watu wengi kadiri unavyoweza: wenzako, mpishi wa bwenini, mlinzi wa getini kama atakubali. Asiyelijua pafu zima hawezi kulitambua bovu.

Na kabla ya hayo yote, tazama. Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kama vile unahesabu mapigo, lakini macho yako yawe kifuani pake, uhesabu pumzi zake dakika nzima bila kumwambia. Mtu akijua anahesabiwa, pumzi hubadilika. Mtu mzima aliyetulia huvuta mara 12 hadi 20. Ukihesabu zaidi ya 30, weka chini karatasi yako ya mazoezi, umwite nesi au daktari. Je, anamaliza sentensi kwa pumzi moja? Misuli ya shingo inavutika? Ameegemea mikono kama anayesukuma godoro? Analalia mito mingapi, na mwezi uliopita ilikuwa mingapi?

Siku ya mtihani usitaje ugonjwa, kwa sababu hukuulizwa. Sema ulichosikia, wapi, na katika sehemu gani ya pumzi: “kutatarika kwembamba, chini nyuma kushoto, mwishoni mwa kuvuta, hakukubadilika baada ya kukohoa.” Kama hukusikia, sema hukusikia, uombe kurudia. Mtahini mwenye akili atakupa alama kwa hilo, na asiye na akili atakupa uzoefu.

Jambo moja zaidi, maana umeandika “kifuani kwa mgonjwa” bila kusema ni nani. Daktari Mfaransa René Laennec alipobuni chombo hiki mwaka 1816 kwa kukunja karatasi, alikuwa na mgonjwa msichana ambaye aliona haya kumwekea sikio kifuani. Chombo kilizaliwa na staha, basi kitumie kwa staha: pazia livutwe, mama awe na mwanamke mwenzake karibu akitaka, khanga ishushwe upande mmoja na irudishwe kabla ya kufunua upande wa pili.

*Mama mkwe wangu alilazwa kwa kikohozi cha muda mrefu. Wanafunzi wawili walimlaza ubavu na kumpiga mgongoni kwa viganja kama wanaopiga ngoma. Ni tiba au walikuwa wanachezea mwili wa mtu mzima? — Msomaji, Sengerema*

Ni tiba, ingawa hadhi yake imeshuka. Kiganja hukunjwa kama kikombe, hewa ikabaki ndani, na mtikisiko wake husaidia kuyabandua makohozi yaliyoshikamana na kuta za njia ya hewa wakati mgonjwa amelazwa kwa namna ambayo yatateremka yenyewe. Ikifanywa vizuri haiumi. Haifanywi juu ya ngozi tupu, wala juu ya figo au uti wa mgongo, na haifanywi kabisa kwa mtu anayekohoa damu, aliyevunjika mbavu au mwenye mifupa iliyolika. Kwa mwanamke wa umri mkubwa ningependa kwanza mwanafunzi aulize habari za mifupa.

Hata hivyo wengi wetu sasa tunaanza na njia ambayo mgonjwa anaifanya mwenyewe. Anapumua polepole kwa tumbo, mabega yametulia. Kisha anavuta pumzi tatu au nne kubwa, akizishika sekunde mbili tatu ili hewa ipenye nyuma ya makohozi. Halafu anaitoa hewa kwa nguvu huku mdomo na koo vikiwa wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute: *haaa*. Mtoo mrefu wa nguvu ya kati huyaleta makohozi ya mbali, na mfupi wenye nguvu huyatoa yaliyokwisha kufika juu. Anapumzika, anarudia. Uzuri wake ni kwamba mama mkwe wako anaweza kuifanya Sengerema saa kumi na moja alfajiri bila mwanafunzi yeyote.

Kwa nini nasema hadhi ya kupiga imeshuka? Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilipewa mzee mvuvi mwenye makohozi mengi. Kitabu kilisema sehemu ya chini ya mapafu hukaushwa kwa kuinua miguu ya kitanda, kichwa kikiwa chini. Niliinua. Sikuwa nimeitazama miguu yake iliyovimba wala kuuliza kwa nini analala kwa mito mitatu. Kwa muda mfupi tu midomo yake ilibadilika rangi, akaushika mkono wangu kwa nguvu ambayo bado naikumbuka, asiweze kusema neno. Nesi wa zamu alikuja mbio, akakishusha kitanda, akamketisha miguu ikining'inia, akamwekea oksijeni. Hakunigombeza, aliniuliza tu, “Ulimwona huyu kabla ya kumlaza?” Moyo uliochoka hauwezi kuibeba damu yote inayorudi kutoka miguuni mtu akipinduliwa, nayo maji huzidi kujaa mapafuni. Tangu nimekuwa mwalimu, hakuna mwanafunzi wangu anayemlaza mtu kichwa chini.

*Mwalimu mwenzangu, napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika kituo chetu cha kisiwani. Hatuna mashine ya kukimbilia, hatuna kipimo cha mapafu, tuna oksimita moja, kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni. Nawafundisha nini cha moyo na mapafu? — Mkufunzi, Ukerewe*

Una karibu kila kitu. Tafuta ujia tambarare wa mita 30, ndani au chini ya mti, weka alama kila baada ya mita 3 na kiti katika kila mwisho. Mgonjwa atembee dakika 6 kwa mwendo wake, akiruhusiwa kusimama na kupumzika, saa ikiendelea kwenda. Umbali alioufikia ndio kipimo. Arudie mara ya pili baada ya kupumzika angalau nusu saa, kwa sababu mara ya kwanza watu hujihifadhi, na uandike umbali mkubwa kati ya hizo mbili. Akiongeza mita 30 hivi baada ya wiki kadhaa za mazoezi, hayo ni mabadiliko ambayo yeye mwenyewe atayasikia mwilini. Kama ujia wenu ni mfupi, utumie, ila usimlinganishe mgonjwa wako na vitabu. Mlinganishe na yeye mwenyewe kwenye ujia ule ule. Wasimtembeze mtu aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi uliopita, na wafikirie mara mbili kabla ya kumtembeza mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa ameketi au presha zaidi ya 180 kwa 100.

Wafundishe pia kunyamaza. Wanafunzi hupenda kushangilia kama wako uwanja wa Kirumba, na mgonjwa anayeshangiliwa hutembea zaidi kuliko yule wa jana aliyetembea kimya. Sentensi zilezile, kila dakika, kwa sauti ileile.

Oksimita waitilie shaka. Ondoeni rangi ya kucha, na kama mama amepaka piko au hina, tafuteni kidole kisichopakwa au tumieni ndewe ya sikio. Vidole baridi visuguliwe kwanza. Na kuna jambo ambalo tafiti zilizochapishwa Marekani tangu mwaka 2020 zimelisisitiza: kwa watu wenye ngozi nyeusi, chombo hiki wakati mwingine huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyomo kwenye damu. Ni chombo kilichojifunzia zaidi kwenye vidole vya wengine. Miongozo ya kimataifa husimamisha kipimo cha kutembea oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80. Mimi kwa wanafunzi nimeweka 85, wala sijajuta.

Kwa makohozi, tengenezeni chupa ya mapovu. Chupa kubwa iliyosafishwa, mdomo wazi, maji safi ya kina cha sentimita 10, mrija wenye upana wa sentimita moja hivi ukifika karibu na chini. Mgonjwa huvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kupitia mrija, na kina cha maji ndicho shinikizo linalozifungua njia zake za hewa. Mara 10 hadi 15, kisha ule mtoo wa *haaa*, kisha kurudia. Wanafunzi waelewe mambo mawili hapa: chupa isizibwe mdomoni, kwa kuwa hewa lazima itoke, na mrija ukiwa mwembamba kama wa soda shinikizo huongezeka pasipo mtu kujua. Kila mgonjwa na chupa yake, maji yabadilishwe kila siku, iwe na jina lake.

Kipimo cha uchovu hakihitaji umeme. Kile cha Msweden Gunnar Borg kina toleo la 0 hadi 10, lakini ukimwambia mzee wa Kikerewe “saba katika kumi” atakutazama tu. Kaeni na wagonjwa wenu mtengeneze ngazi yenu: 0 ni kukaa kivulini, 3 ni kwenda sokoni mikono mitupu, 7 ni kupanda kutoka ziwani na ndoo ya maji kichwani. Mwanafunzi aliyetoka Songea au Moshi ajifunze kuyasema hayo kwa lugha ya mgonjwa.

*Mtaalamu, habari za kazi. Mume wangu aliambiwa moyo umetanuka, anatumia dawa, na tunaishi juu huko Mabatini, kwenye mawe. Katika hospitali moja wanafunzi walimpandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili, wakampima mkononi, wakasema mapigo ni 78 kwa hiyo yuko vizuri. Alikuwa anatoka jasho jembamba na hawezi kuongea. Usiku hakulala. Nimemkataza kurudi. Nimekosea? — Mama watoto, Mabatini*

Mama, pole sana, na mpe pole mzee. Kumrudisha nyumbani siku ile hukukosea. Kumzuia asirudi tena kliniki, naomba ulifikirie upya baada ya kunisikiliza.

Wanafunzi wale walihesabu sawasawa na wakaelewa vibaya. Wagonjwa wengi wa moyo uliotanuka hupewa dawa za kundi la beta bloka, ambazo hupunguza kasi ya mapigo kwa makusudi ili moyo usijichoshe. Kwa mtu anayezitumia mapigo hayapandi kama ya mwingine, hata akiwa amefika mwisho wa nguvu zake. Hiyo 78 ilikuwa sauti ya dawa. Moyo wenyewe ulikuwa unasema kwa jasho na kwa kukosa maneno, na hivyo viwili havihitaji kifaa chochote. Ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kuisoma karatasi ya dawa kabla ya kumwambia mtu ainuke, na kumzungumzisha njiani: akiweza kukueleza habari za wajukuu kwa sentensi nzima, mwendo unamfaa, akianza kujibu kwa neno moja moja, umepita kiasi. Lawama kubwa, hata hivyo, naiweka kwa mkufunzi ambaye hakuwa kwenye ngazi ile. Mwanafunzi hapaswi kumpandisha mgonjwa wa moyo ghorofani bila mtu wa kumwambia basi.

Mzee anahitaji mazoezi, tena kuliko jirani yake anayeishi Nyakato kwenye tambarare, maana kila anapotoka nyumbani lazima ashuke na kupanda mawe. Lakini mawe ni mtihani wa mwisho, hayawi somo la kwanza. Aanze mahali tambarare, asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika 5 za kutembea na dakika 2 za kukaa, mara tatu, siku nyingi za wiki, bila mzigo mkononi. Wiki mbili zikipita bila shida, aongeze dakika za kutembea. Wakati wa kupanda kwenda nyumbani, atoe pumzi anapoinua mwili na kamwe asibane pumzi. Achague mawe yake matatu au manne ya kukalia, nayo yawe vituo vya lazima hata siku anayojisikia kijana. Wanafunzi wangu nawatuma wakawahesabie wagonjwa vidato vya nyumbani kwao, na wengi hurudi wakiwa wamelowa jasho wao wenyewe, jambo ambalo huwafundisha zaidi ya hotuba yangu.

Mnunulie mizani, hata ya mtumba. Apimwe kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo, kabla ya chai, uandike kwenye daftari. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, au miguu ikivimba, au akianza kuomba mto wa ziada usiku, mazoezi yasimame na mwende kwa daktari, kwa sababu hayo ni maji yanayojikusanya. Maumivu ya kifua, kuzimia au kukosa pumzi akiwa ameketi hayangojei kesho.

Siku ya kliniki nendeni na daftari hilo pamoja na dawa zake zote kwenye mfuko. Mwanafunzi atakayempokea mpe daftari kwanza, umwombe alisome mbele yako, umtajie ile beta bloka kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti, na umuulize mkufunzi wake yuko wapi. Akikuonyesha, mwache mzee ainuke.